Swali la Thelathini na Moja

Ukitaka kujua kwamba msimu wa utafiti umefika, usihangaike na kalenda. Simama mwanzo wa mtaa uangalie milango. Ikianza kufungwa mmoja baada ya mwingine, taratibu, kwa adabu, kama vile watu wanakinga vumbi tu, basi jua Mama Maswali ameshakata kona na mkoba wake begani.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa katika mwaka wa pili wa kazi, na kufika mwaka wa tano hata mumewe alikuwa ameshalidaka. Kazi yenyewe ni hii: kila mwaka, miezi ileile miwili, anapita kwenye nyumba zilezile sitini za mtaa uleule akiuliza maswali yaleyale. Nani alilala humu jana? Nani amehamia, nani amehama, nani amezaliwa, nani ametangulia mbele ya haki? Paa ni la nini? Mnapikia nini? Nani ana kazi, iko wapi, na anafikaje huko? Majibu yanakwenda ofisini, yanachanganywa na ya mitaa mingine thelathini, wataalamu wakakaa nayo kujua jiji linakwenda wapi, nani anaingia, nani anatoka, na watu wanaishi kwa kitu gani. Walianza makarani arobaini, miaka ishirini na moja iliyopita. Wa tangu siku ya kwanza amebaki yeye peke yake, na huwezi kukaa naye dakika kumi bila kuambiwa.

Usidhani watu walimchukia. Walimpenda, kama mtu anavyompenda mgeni asiyejua kuaga. Siku moja alipiga hodi kwenye nyumba ya mwisho, sauti ikajibu kutoka ndani:

"Hakuna mtu!"

"Na anayejibu ni nani?"

"Ni mgeni."

"Mgeni alilala humu jana?" akauliza Mama Maswali, kalamu ikiwa imeshagusa karatasi.

Nyumbani kwake hakukuwa na afadhali. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, mtu wa maneno machache na usingizi mwingi, alikuwa akiamka tu anakutana na maswali. "Umeamka saa ngapi? Chai umekunywa? Kikombe kimoja au viwili?"

"Mke wangu, mimi ni mume wako au mhojiwa?"

"Jibu swali. Mimi nauliza, wewe unajibu."

Kauli hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake. Aliitumia kwa wazee, kwa walevi, kwa mchungaji, na kwa kila karani mpya aliyeletwa afundishwe kazi. Na jambo la kuchekesha ni kwamba nyumba yake mwenyewe, iliyokuwa mtaa wa pili tu, haikuwahi kuchaguliwa na utafiti. Miaka yote hiyo aliuliza, wala hakuwahi kuulizwa. Alijifanya hajali, lakini lilimkera.

Sasa tufike kwenye swali la thelathini na moja, maana ndilo lililomtoa jasho.

Swali hilo linasema: "Je, kuna mtu wa kaya hii anayefanya biashara yoyote hapa nyumbani?" Mtu akisema ndiyo, yanafuata maswali ishirini. Biashara gani, ilianza lini, kwa vifaa gani, nani anasaidia, wateja wanatoka umbali gani, mvua ikinyesha inakuwaje. Dakika arobaini, na hapo mhojiwa awe hana mdomo mrefu. Mtu akisema hapana, karani anafunua kurasa saba kwa mkupuo na kutua swali la hamsini na mbili, ambalo linahusu choo.

Miaka mitano nyuma, mvua zilikuwa nyingi na goti lake la kulia lilivimba likawa kama boga. Alifika kwa Fundi, mshonaji wa nyumba ya saba, akiwa amelowa na bado ana nyumba nne za kumaliza siku ile. Fundi naye alikuwa na sare za shule zinazotakiwa kesho yake. Walipofika thelathini na moja wakatazamana.

"Fundi," akasema Mama Maswali, "ukisema hapana, tunaruka."

"Tunaruka mpaka wapi?"

"Chooni."

"Basi hapana!" akasema Fundi, na cherehani haikusimama hata kidogo.

Ilikuwa mara moja tu, kwa sababu ya goti. Lakini Fundi ana mdomo, na msusi wa jirani ana masikio. Mwaka uliofuata, watu walikuwa wanamsubiri mlangoni wakitabasamu. Akifika thelathini, wao wameshasema hapana ya thelathini na moja. Msusi alisema hapana huku akiwa na kichwa cha mteja katikati ya magoti. Mama wa kuku wa mayai alisema hapana huku jogoo akiwika nyuma yake. Na milango ikaacha kufungwa! Watu wakaanza kumpa kiti, chai, hadi viazi vya kupeleka nyumbani. Goti lilipona ndani ya mwezi mmoja, lakini nani anarudisha kiti na chai? Mama Maswali alijiambia kwamba mwakani atawarudisha kwenye mstari. Mwakani ikawa mwakani nyingine. Ofisini wakampa cheti kwa kuwasilisha madodoso safi kuliko karani yeyote. Akakitundika sebuleni, juu ya redio.

Utafiti ulipoingia mwaka wa ishirini na moja, makarani waliitwa ofisini kabla ya kuanza. Mkuu wa utafiti alisimama mbele ya ukuta na fimbo yake. Ni mtu mpole, Mama Maswali alimjua tangu akiwa na nywele. Akawaonyesha mstari uliochorwa kwa rangi nyekundu.

"Huu ni mtaa wa Mama yetu hapa. Mwaka wa kumi na tano, kaya thelathini na nne zilikuwa na biashara nyumbani. Kisha thelathini na tatu. Kumi na tisa. Saba. Miaka miwili iliyopita, sifuri. Mwaka jana, sifuri."

Mama Maswali akahesabu kwa vidole kurudi nyuma, akatua mwaka wa goti.

Mkuu alikuwa na maelezo. Watu wa mtaa ule, alisema, sasa wanatafuta riziki kwingine na kurudi kulala tu. Alikuwa ameshaandika makala ya kurasa thelathini, akaeleza kwa ufundi mkubwa kwa nini jambo lisilotokea limetokea. Halafu akashusha fimbo. Utafiti unapunguzwa, akasema, mitaa mitatu itaachwa. Zitaachwa sehemu ambazo hazina jipya. "Mtaa huu umelala. Tukimaliza mwaka huu, Mama, tutakushukuru kwa kazi yako na utapumzika."

Makarani wote wakampigia makofi. Mama Maswali akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wakwe.

Usiku huo, kama ni kulala, aliyelala ni mumewe. Yeye alihesabu mabati. Kumwachisha mtaa ule ilikuwa sawa na kumwambia mtu aache kutumia mkono wake wa kulia. Aliwajua wote. Alijua mtoto gani alizaliwa wakati wa ukurasa wa nne, maana alikuwepo, na ndiye aliyekwenda kumwita mkunga. Na sasa mtaa unafutwa kwa sababu ya hapana aliyoifundisha yeye.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja nyumba ya saba.

"Fundi, mwaka huu thelathini na moja utasema ndiyo."

Fundi akatoa pini mdomoni. "Kwani nimekukosea nini, dada yangu?"

"Hujanikosea. Sema ndiyo."

"Si wewe mwenyewe uliyenifundisha hapana? Nimeshaizoea. Siku hizi hata mke wangu akiniuliza kitu, hapana inatangulia kutoka."

"Fundi, wanaufuta mtaa kwenye utafiti. Wanasema hapa hakuna kinachofanyika. Mmelala."

Fundi akatazama cherehani zake mbili, nguo zilizoning'inia mpaka kwenye dari, vipande vya kitambaa vilivyojaa sakafu yote, wateja watatu wakisubiri kwenye benchi. Akaangua kicheko mpaka pini zikamwagika. Kisha kicheko kikakatika.

"Ina maana hutakuja tena?"

"Sitakuja."

"Tutapumzika," akasema Fundi. Lakini aliinama kuokota pini, akaziokota muda mrefu kuliko idadi yake.

Siku hiyo Mama Maswali alipata ndiyo tano: Fundi, msusi, mama wa kuku, fundi redio na yule mama anayeoka mikate. Kila mmoja ilibidi abembelezwe kama mtoto wa sindano. Saa kumi jioni simu ikalia. Alikuwa Msimamizi wake, binti mwembamba mwenye miwani, ambaye Mama Maswali mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Siku hizi majibu yanaingizwa kwenye tableti na yanafika ofisini kabla karani hajafika mlango wa pili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, leo kaya tano ambazo hazikuwa na biashara zimepata biashara."

"Ndiyo."

"Zote siku moja."

"Ndiyo."

"Na moja inasema ina miaka kumi na minane."

"Hiyo ni ya Fundi."

"Mama," sauti ikashuka, "watu hapa wanasema unapika majibu ili mtaa wako usifutwe. Njoo kesho saa mbili."

Basi hebu fikiria. Miaka mitano alipeleka uongo mtupu, akapewa cheti. Siku ya kwanza kupeleka ukweli, akaitwa mpishi.

Kesho yake Msimamizi alimkalisha kwenye chumba kidogo chenye meza moja na viti viwili. Akatoa fomu. "Ni utaratibu tu, Mama. Nitakuuliza maswali kuhusu kazi yako." Mama Maswali alikwenda kukaa upande wa kuulizia, kwa mazoea. Ikabidi ahamishwe.

Kiti cha mhojiwa kilikuwa kigumu. Hakujua aweke wapi mikono yake. Miaka ishirini na moja hakuwahi kujiuliza kwa nini watu wanachezea nyuzi za nguo zao wakati wa kuhojiwa. Akajikuta naye anavuta uzi.

"Umri wako?"

"Si unaujua wewe?"

"Mama," binti akasema bila kuinua macho, "mimi nauliza, wewe unajibu."

Akajibu. Likaja la pili, la tatu. Halafu la nne: "Je, katika kazi hii, umewahi kumwelekeza mhojiwa jibu la kutoa?"

Sasa, Mama Maswali anaweza kusoma dodoso juu chini. Ni ufundi wa kazi. Macho yake yalishuka yenyewe kwenye karatasi ya Msimamizi, na hapo chini ya swali la nne akaona kimshale alichokifahamu kama anavyofahamu ufunguo wa nyumba yake. Kama ndiyo, endelea na swali la tano. Kama hapana, nenda swali la thelathini. Na thelathini lilikuwa sahihi ya mhojiwa, basi.

Akaliona jibu limekaa pale, tamu, fupi. Neno moja tu na angetoka na jina lake safi. Zile ndiyo tano zingeandikwa makosa ya tableti, mtaa ungefutwa kimyakimya, na yeye angestaafu na cheti chake juu ya redio. Msimamizi alisubiri. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Mawazoni Mama Maswali akamwona Fundi anaokota pini zilizokwisha.

"Ndiyo," akasema.

Kalamu ya Msimamizi ikasimama. "Mama, nimesoma vizuri? Nirudie swali?"

"Usirudie swali, mhojiwa amelisikia. Hilo nilikufundisha. Andika ndiyo, funua ukurasa."

Walikaa saa nzima. Alisema yote: mvua, goti, choo, kiti, chai, viazi. Alisema na mwaka, na nyumba, maana kumbukumbu yake haina mfano. Mwishoni ule uzi wa nguo ulikuwa umetoka wote, pindo limelegea.

Mkuu aliitwa. Akasoma fomu akiwa amesimama, kisha akakaa. Akavua miwani.

"Makala yangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Nisamehe, Mkuu."

"Kurasa thelathini, Mama."

"Nasikia zilikuwa nzuri sana."

Mkuu akamtazama kuona kama anataniwa. Alikuwa anataniwa, lakini kwa huruma. Akainuka. "Mimi siamini tena fomu ya mtu yeyote. Twende nikaone kwa macho yangu."

Wakaenda watatu kwa miguu. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika tena, kwa sababu ya upendo. Fundi aliinua kichwa akamwona Mkuu mwenye tai, Msimamizi mwenye tableti, na katikati yao Mama Maswali mwenye macho mekundu na pindo lililofumuka. Akapiga hesabu haraka: dada yangu ameshikwa kwa ile ndiyo ya jana. Basi ngoja nimwokoe.

Mkuu akauliza kwa heshima: "Ndugu, unafanya biashara yoyote hapa nyumbani?"

"Hapana, mheshimiwa," akasema Fundi. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni, chaki nyuma ya sikio.

Mama Maswali akafumba macho.

"Na hizi cherehani?"

"Za marehemu shangazi. Nazitunza."

"Zote mbili?"

"Alikuwa mkubwa wa mwili."

"Na hizi nguo? Naona kama sabini."

"Tuko wengi humu ndani."

Msimamizi akatazama tableti. "Hapa imeandikwa mko wanne."

"Tunapenda kubadilisha."

Hapo akaingia mama mmoja mnene, mkono kiunoni. "Fundi! Gauni langu liko wapi? Leo ni siku ya ngapi unanizungusha?"

"Huyu mama simjui," Fundi akamwambia Mkuu.

"Hunijui! Juzi si umenipima kiuno ukasema utepe hautoshi? Leo hunijui?"

Benchi zima likavunjika mbavu. Msimamizi alijificha nyuma ya tableti, mabega yakimtikisika. Mkuu alijitahidi sana na uso wake, kisha akashindwa.

"Fundi, acha," akasema Mama Maswali. "Nimeshasema."

"Umesema nini?"

"Yote."

"Yote yote?"

"Hata la goti."

Fundi akashusha pumzi, akamtazama Mkuu kwa aibu ya mtu aliyekula kiapo bure. "Basi, mheshimiwa, hizi cherehani ni zangu. Shangazi yangu yuko hai, mzima kabisa, na ni mwembamba."

Mkuu alipita na nyumba nyingine kumi na moja. Kwa msusi alikaa akaangalia. Kwa mama wa kuku alipigwa na jogoo. Jioni alirudi kwa Fundi na kusimama kizingitini, viatu vyake vikiwa vimejaa vumbi.

Mtaa utabaki, akasema. Mtaa ambao uko macho hivi haufutwi. Mama Maswali atapata barua ya onyo, cheti kitarudishwa ofisini, na atarudi kwenye kila nyumba aliyoiruka, aulize maswali yote ishirini kwa kila mwaka wa ile mitano, Msimamizi akiwa kando yake. Akimaliza bila kuruka hata moja, na kazi yake ataendelea nayo.

"Mara tano?" Fundi akaruka. "Dakika arobaini mara tano? Samahani, mheshimiwa, hii adhabu ni yake au yetu?"

"Yenu nyote," akasema Mkuu, akaenda zake kuiangalia upya makala yake.

Mama Maswali hakungoja kesho. Akavuta kigoda, akafungua tableti kwenye zile kurasa ambazo hazikuguswa miaka mitano. Msimamizi akakaa pembeni. Fundi akaomba tu aruhusiwe kushona huku anajibu, na pindo la mhoji ndilo lililowekwa kwanza chini ya sindano, naye mhoji bado yumo ndani ya nguo, mguu mmoja umenyooshwa juu ya meza ya cherehani.

Biashara gani? Ilianza lini? Vifaa gani? Nani anasaidia? Wateja wanatoka wapi?

"Bado mangapi?" akauliza Fundi baada ya robo saa.

"Kumi na matatu. Halafu tunaanza mwaka wa pili."

"Dada, hakuna mahali pa kuruka hapo?"

"Thubutu!"

Wakaenda hivyo mpaka wakafika la hamsini na moja, la mwisho kabla ya choo. Akalisoma taratibu, neno kwa neno, kama alivyopaswa kulisoma siku zote. "Je, unatarajia shughuli hii itaendelea kuwepo hapa mwaka kesho?"

Fundi akakata uzi kwa meno, akalipapasa pindo kuona kama limeshika. "Yangu au yako?"

"Mimi nauliza, wewe unajibu."

"Basi andika ndiyo, zote mbili."

Mama Maswali akatazama kioo cha tableti, akamtazama Msimamizi. "Nafasi ni ya jibu moja tu."

"Zibane ziingie," akasema Fundi. "Kwani mimi hapa siku zote nafanya kazi gani?"